"Dada nesi, mlimchoma ile sindano?" Historia ya adrenalini na moyo uliosimama

SEHEMU YA 1

Niliahidi kwamba tukimaliza homa za watoto nitaandika kuhusu dawa za dharura. Nimechagua dawa moja tu, na nitaiandika kwa sehemu nne. Mimina chai, mtoto akishalala tuendelee.

Naanza na usiku mmoja kazini. Bajaji iliingia kwa fujo hadi mlangoni kwetu. Ndani yake alikuwamo mwanaume wa miaka arobaini na kitu, mkewe kamshika kichwa, kijana wao wa kidato cha pili kamshika miguu. Alikuwa ameanguka sebuleni akiangalia mpira. Hana mapigo, hapumui. Tukamlaza, mwenzetu mmoja akapanda kwenye kile kistuli akaanza kumkandamiza kifua, mwingine akashika mfuko wa kupulizia hewa, mimi nikatafuta mshipa. Nikavunja kichupa cha adrenalini, miligramu 1, nikaisukuma, nikafuatisha maji, nikaangalia saa. Baada ya dakika nne, nyingine. Kisha nyingine. Kuna wakati mapigo yalirudi, kama dakika moja na nusu hivi, tukatazamana. Halafu yakaondoka tena, na safari hiyo hayakurudi.

Tulipotoka kuongea na familia, yule mama aliuliza: "Dada nesi, mlimchoma ile sindano? Ile ya moyo?" Nikasema ndiyo mama, tulimchoma, tena zaidi ya mara moja. Nikaona mabega yake yameshuka. Kwake jibu lile lilimaanisha kwamba kila kinachowezekana kimefanyika. Kijana ndiye aliyeuliza swali la pili, kwa sauti ndogo, macho sakafuni: "Na mimi kule nyumbani, kuna kitu ningefanya?" Nikamjibu, "Hapana, mwanangu."

Jibu langu la kwanza lilikuwa kweli. La pili lilikuwa uongo. Niliusema kwa huruma, lakini ni uongo, na umenikaa moyoni. Ukiijua historia ya ile sindano utaelewa kwa nini nasema nilidanganya.

Kabla hatujaenda mbali, tusichanganye mambo mawili. Mshtuko wa moyo ni pale mshipa unaolisha moyo unapoziba. Mtu anaweza kuwa macho, anatoka jasho, analalamika kifua kinambana. Moyo kusimama ni kitu kingine: hakuna mapigo, mtu hajibu, hapumui, au anakoroma mara moja moja kama anayevuta pumzi ya mwisho. Mshtuko unaweza kuusimamisha moyo, lakini hata kuzama maji, kupigwa na umeme, au kupoteza damu nyingi baada ya kujifungua kunaweza. Hapa naongelea moyo uliosimama, kwa mtu mzima.

Sasa turudi nyuma, mwaka 1894, Uingereza. Kulikuwa na daktari mmoja wa mji wa Harrogate, jina lake George Oliver, mtu wa kupenda kutengeneza vifaa. Alikuwa na kifaa cha kupimia unene wa mshipa wa damu mkononi. Inasimuliwa kwamba alikuwa akikijaribia kwa mwanawe wa kumzaa, huku akimpa maji yaliyotolewa kwenye tezi za wanyama, zikiwemo zile tezi ndogo zinazokaa juu ya figo. Msiniulize mama wa mtoto alisema nini! Oliver aliona mshipa unabana. Akaenda London kwa mwalimu wa fiziolojia, Edward Schäfer, ambaye naye akayachoma maji yale kwenye mshipa wa mbwa. Presha ya mbwa ikapanda kwa kasi iliyowashangaza wote wawili.

Wakemia wakaanza kukimbizana kutafuta ni kitu gani hasa kilichomo ndani ya zile tezi. Aliyefika ni Mjapani aliyekuwa akiishi Marekani, Jokichi Takamine, pamoja na msaidizi wake Keizo Uenaka. Mwaka 1900 walipata chembe nyeupe safi kutoka kwenye tezi za mifugo, na mwaka 1901 dunia ikatangaziwa. Kampuni ya Parke-Davis ikaanza kuiuza kwa jina la Adrenalin. Hiyo ndiyo homoni ya kwanza kabisa binadamu kuipata ikiwa safi. Kwa hiyo ile sindano ya yule mama ilianza kama kitu kilichotoka machinjioni.

Madaktari waliipenda haraka. Mpasuaji aliipaka kwenye pua au jicho, damu ikakata. Mwenye pumu alichomwa, akapumua. Na niseme hili mapema ili nisije nikamharibia mtu: hadi leo, mtoto au mtu mzima aliyeumwa na nyuki au aliyekula kitu kikamdhuru, akavimba midomo na koo likaanza kuziba, sindano ya adrenalini kwenye paja ndiyo inayomwokoa, na inatakiwa haraka. Hapo sina ubishi nayo hata kidogo. Maswali yangu ni kuhusu moyo uliokwisha kusimama.

SEHEMU YA 2

Wengi mmeniuliza: sasa dawa ya kupandisha presha iliingiaje kwa mtu asiye na presha kabisa?

Iliingilia kwenye chumba cha upasuaji. Zamani zile nusu kaputi ilikuwa ya klorofomu na etha, na klorofomu ilikuwa na tabia mbaya ya kuusimamisha moyo ghafla, hata wa mtu mwenye afya aliyekuja kung'olewa jino. Kule Cleveland, Marekani, mpasuaji George Crile alichukua mbwa ambao mioyo yao ilisimama kwa dawa za usingizi au kwa kukosa hewa, akajaribu kuwarudisha. Mwaka 1906 yeye na mwenzake Dolley walieleza njia yao: maji ya chumvi yenye adrenalini ndani ya mshipa, hewa kwenye mapafu, na kukandamiza kifua cha mbwa kwa mpigo. Baadhi ya mbwa waliamka.

Shika hapo kwenye "kukandamiza", maana ndipo siri ilipo. Moyo ukisimama, damu imetuama. Ukimchoma mtu dawa mkononi halafu ukakaa kumwangalia, dawa inabaki mkononi palepale ulipochoma. Haina gari la kuipeleka. Gari lake ni mikono ya mtu anayekandamiza kifua. Na dawa ikishafika, kazi yake ni kubana mishipa ya mikono, miguu na utumbo, ili ile damu kidogo inayosukumwa isitawanyike bali iende juu, kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Ni kama mpira wa kumwagilia bustani wenye matundu mengi: ukiziba matundu, maji yanafika mwisho. Hiyo ndiyo faida yake. Hasara yake ni kwamba mishipa midogo midogo ya ubongo nayo inaweza kubanwa. Tutarudi hapo.

Crile alikuwa amezishika pande zote mbili, mikono na dawa. Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi baada yake watu waliikumbuka zaidi dawa. Ukaja mtindo wa sindano ndefu, kupitia katikati ya mbavu hadi ndani ya moyo. Mmeiona kwenye filamu. Kweli ilikuwa ikifanyika, na siyo mara moja moja. Wakati mwingine ilitoboa pafu, wakati mwingine ilikwaruza mshipa wa moyo. Daktari mmoja wa New York, Albert Hyman, aliitazama kwa makini akaona jambo la kuchekesha: pengine kilichoshtua moyo ni ile ncha ya sindano tu, iwe na dawa au isiwe nayo. Wazo hilo lilimpeleka mwanzoni mwa miaka ya 1930 kutengeneza mashine ya kuuchochea moyo kwa umeme.

Na mikono je? Hadi miaka ya 1950 njia iliyoaminika hospitalini ilikuwa kupasua kifua na kuukamua moyo kwa kiganja. Usishangae. Ukianguka nje ya chumba cha upasuaji, basi.

Aliyebadilisha mambo hakuwa hata daktari. William Kouwenhoven alikuwa mhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, mzee wa miaka zaidi ya 70. Alikuwa anatafuta namna ya kuushtua moyo kwa umeme bila kupasua kifua. Mwaka 1958 kijana aliyefanya naye kazi, Guy Knickerbocker, aligundua kwamba vile vibao vizito vya mashine vikigandamizwa tu juu ya kifua cha mbwa, kabla hata umeme haujawashwa, presha ya mbwa inapanda kidogo. Uzito tu! Wakajaribu kukandamiza kwa mikono, mara kwa mara. Mpasuaji James Jude akaipeleka njia hiyo kwa wagonjwa. Mwaka 1960 walichapisha habari za watu 20 walioufanyiwa moyo wao hivyo hospitalini. 14 walirudi nyumbani. Waliandika wazi kwamba kazi hii inaweza kuanzwa na mtu yeyote, mahali popote, na kifaa chake ni mikono miwili.

Someni tena hapo. Mtu yeyote, mahali popote. Hawakusema nesi. Hawakusema hospitali.

Mwaka huohuo kule Norway, mtengeneza midoli wa mji wa Stavanger, Asmund Laerdal, alitoa mdoli mkubwa wa kufundishia watu kumpulizia hewa mtu aliyezimia. Aliwahi kumwopoa mwanawe mdogo majini, mtoto akiwa amelegea, na akapona. Mzazi aliyepitia hilo huwezi kumwambia kwamba huduma ya kwanza ni kazi ya madaktari peke yao. Ndiye mdoli Anne tuliofundishwa nao karibu manesi wote.

Mwaka 1963, kulekule Baltimore, madaktari Redding na Pearson waliwanyima mbwa hewa hadi mioyo ikasimama, kisha wakawakandamiza kifua na kuwapulizia hewa. Waliofanyiwa hivyo tu, karibu wote hawakuamka. Waliopewa na adrenalini miligramu 1, karibu wote mioyo yao iliamka. Ni majaribio mazuri, siyakatai. Lakini sikilizeni: dozi ya miligramu 1 waliyopewa mbwa wale ndiyo hiyohiyo miligramu 1 tunayompa mtu mzima leo. Mbwa wa kilo 10, baba wa kilo 80, kichupa ni kilekile. Hakuna aliyekaa chini akapima kwa binadamu kwanza. Wapasuaji walikuwa wameshazoea miligramu 1, kila mtu akaendelea nayo, ikaandikwa vitabuni. Nilipojua hili nilikuwa nimeshaivunja chupa hiyo mara nyingi mno.

SEHEMU YA 3

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya nikose usingizi, kwa hiyo nitaikalia.

Miaka ya 1970 miongozo ya kuokoa moyo ilipoanza kutoka Marekani, sanduku la dawa lilijaa. Adrenalini. Sodiamu baikaboneti kwa ajili ya tindikali kwenye damu. Kalsiamu, kwa sababu misuli ya moyo inaihitaji ili ijikaze. Atropini kwa moyo uliolala kabisa. Kila moja ilikuwa na sababu nzuri ukiieleza ubaoni. Halafu zikaanza kuanguka moja moja, kwa sababu watu walianza kuhesabu wagonjwa badala ya kuridhika na maelezo ya ubaoni. Baikaboneti na kalsiamu ziliondolewa kwenye kupewa kila mtu miaka ya 1980. Zimebaki kwa hali maalum tu. Atropini ilikaa hadi 2010. Mimi chuoni niliikariri pamoja na adrenalini kama kiitikio cha wimbo, halafu mwaka mmoja tukaambiwa, hiyo achaneni nayo, haionekani kusaidia. Mnajua inavyouma kufuta kitu ulichokariri kwa mtihani?

Adrenalini yenyewe ikajaribiwa kwa kuongezwa. Waliwaza, kama 1 inasaidia, 5 itasaidia zaidi. Miaka ya 1990 walijaribu kwa maelfu ya wagonjwa; jaribio moja kubwa la Ufaransa na Ubelgiji, lililochapishwa 1998, lilikuwa na watu zaidi ya 3,300. Waliopewa dozi kubwa mioyo yao iliamka zaidi. Lakini waliotoka hospitalini wakitembea hawakuongezeka. Mmeona? Moyo unaamka, mtu haamki. Hiyo ilikuwa kengele ya kwanza.

Sasa likabaki swali ambalo hakuna aliyetaka kuliuliza kwa sauti: na ile miligramu 1 yenyewe, inasaidia? Ili ujue, inabidi nusu ya wagonjwa wapewe maji ya chumvi tu, na anayechoma asijue amechoma nini. Fikiria ni mume wako. Ungekubali?

Huko Oslo walikwepa kidogo. Kati ya 2003 na 2008 waligawa wagonjwa 851 kwa bahati nasibu: wengine wakawekewa mshipa na dawa zote, wengine bila dawa. Waliopata dawa walifika wodini wakiwa na mapigo kwa wingi zaidi. Waliotoka hospitalini hai karibu walilingana.

Australia ya Magharibi, Profesa Ian Jacobs alijaribu lile jaribio lenyewe, adrenalini dhidi ya maji ya chumvi. Alihitaji watu kama 5,000. Huduma nyingine za magari ya wagonjwa zilizotakiwa kushiriki zikajitoa, wanasiasa na magazeti wakapiga kelele kwamba watu wananyimwa dawa ya kuwaokoa. Akamaliza na watu 534, idadi ambayo haiwezi kujibu swali. Siwalaumu waliopiga kelele, hata mimi huenda ningepiga. Lakini ona mtego: dawa ambayo haikuwahi kupimwa ilikuwa imeshakuwa takatifu kiasi kwamba kuipima ni dhambi.

Aliyefika mwisho ni kikundi cha Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, kikiongozwa na Profesa Gavin Perkins. Kuanzia Desemba 2014 hadi Oktoba 2017, huduma tano za magari ya wagonjwa zilibeba vifurushi vinavyofanana, vingine vya adrenalini, vingine vya maji ya chumvi. Watu zaidi ya 8,000. Mtu aliyesimama moyo hawezi kutia sahihi, kwa hiyo ridhaa iliombwa baadaye kwa waliopona au ndugu zao. Asiyetaka kabisa kushirikishwa aliweza kuomba bangili ya kuvaa, ili wahudumu wakimkuta wajue. Pia waliwauliza wananchi kabla: kwenu kipi kikubwa, kuwa hai, au kuwa hai na akili zako? Wengi walichagua la pili.

Matokeo yalitoka Julai 2018. Nitayaweka kwa lugha ya nyumbani.

Mapigo yalirudi kabla ya kufika hospitali kwa watu 36 katika kila 100 waliopewa adrenalini, na 12 katika kila 100 waliopewa maji. Mara tatu! Ungeishia hapo ungepiga vigelegele.

Siku 30 baadaye, waliokuwa hai ni asilimia 3.2 kwa adrenalini na asilimia 2.4 kwa maji. Yaani katika watu 1,000, watu 32 dhidi ya 24. Wanane zaidi. Ni wachache lakini ni watu, wana majina na watoto.

Waliotoka hospitalini ubongo ukiwa vizuri: asilimia 2.2 na 1.9. Tofauti ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa ni bahati tu.

Na la mwisho, gumu zaidi. Kati ya waliotoka hospitalini hai, walioumia ubongo vibaya, wale wasioweza kutembea wala kujihudumia bila mtu, walikuwa asilimia 31 kwa adrenalini na asilimia 17.8 kwa maji. Adrenalini iliongeza watu hai, na wengi wa nyongeza hiyo walibaki katika hali hiyo.

SEHEMU YA 4

Jana wengine mlikasirika. Mama mmoja kaniandikia, "Nesi, kwa hiyo mnatuchoma kitu cha kutuharibu ubongo?" Hapana mama, tusiende huko. Kinachouharibu ubongo ni dakika zilizopita bila damu. Katika jaribio lile la Uingereza, dawa ilimfikia mgonjwa wa kawaida kama dakika 21 baada ya simu kupigwa. Ubongo usiopata damu huanza kuumia ndani ya dakika chache tu. Moyo ni mvumilivu kuliko ubongo, kwa hiyo dawa inaweza kumwamsha mvumilivu wakati mwenzake amekwisha kuumia. Na kama nilivyogusia, huenda kule kubana mishipa midogo ya ubongo nako kunachangia.

Miongozo baada ya 2018 haikuiondoa. Bado ni miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5, na kwa moyo ambao hauwezi kushtuliwa kwa umeme inasemwa itolewe mapema iwezekanavyo. Nakubaliana nao. Kesho bajaji ikiingia nitavunja kichupa, bila kusita. Wanane katika elfu siyo wa kutupa, na anayefikiwa mapema ana nafasi nzuri kuliko anayefikiwa baada ya dakika 21. Kuna na dawa nyingine, amiodaroni na lidokeini, kwa moyo unaotetemeka ambao umeshtuliwa kwa umeme ukakataa. Hizo nazo zilipimwa na maji mwaka 2016 kwa watu zaidi ya 3,000, na kwa ujumla tofauti ya waliotoka hai ilikuwa ndogo mno kuthibitika. Hivyo ndivyo dawa zetu zilivyo hapa. Ni wasaidizi.

Nani basi ndiye mwenyewe? Watafiti wale wa Warwick waliweka hesabu pembeni kwa pembeni. Ili mtu mmoja zaidi awe hai, inabidi uwape adrenalini watu 112. Kwa kukandamizwa kifua na mtu aliyekuwepo pale, jirani, mke, mtoto, ni watu 15. Kwa mashine ya kushtua moyo iliyofika mapema, watu 5. Mashine hizo mitaani kwetu ni za kutafuta kwa tochi. Mikono tunayo.

Ndiyo maana nasema nilimdanganya yule kijana.

Kwa hiyo mtu mzima akianguka: muite kwa nguvu, mtikise mabega. Hajibu, na hapumui au anakoroma kwa kuruka ruka, usipoteze muda kumpaka mafuta, kumpepea, kumnusisha kitunguu, wala kumpa maji mdomoni. Mlaze chali chini, sakafuni, siyo kwenye godoro. Mwingine apige simu na atafute gari. Wewe piga magoti, weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, kandamiza kwa uzito wa mwili kiasi cha sentimita 5 hadi 6, uachie kifua kirudi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ni kasi kuliko unavyodhani. Baada ya dakika mbili utachoka, mpokezane. Usiogope kumvunja mbavu, zinaweza kuvunjika na zinaunga. Gari likija msikimbilie kumbeba halafu mkamwacha bila kukandamizwa njia nzima. Kwenye bajaji ni shida kweli, lakini ndani ya gari la nafasi mtu anaweza kuendelea. Watoto, na mtu aliyezama maji, wanahitaji na pumzi. Hao nitawaandikia peke yao.

Wajawazito mmeuliza sana. Dozi ya adrenalini kwenu ni ileile ya mtu mzima yeyote. Kinachobadilika ni kwamba tumbo likishafika usawa wa kitovu, kama wiki 20, mtoto hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, kwa hiyo wakati mmoja anakandamiza kifua mwingine anasukuma tumbo kwa mikono kuelekea kushoto kwa mama. Hospitalini, moyo usiporudi, tunalenga mtoto awe ametolewa kwa upasuaji ndani ya dakika 5. Wazo hilo lilisukumwa mwaka 1986 na daktari Vern Katz na wenzake, na watu husahau kwamba linafanywa kwa ajili ya mama pia: tumbo likishapungua, damu inarudi moyoni. Na ile kalsiamu niliyosema iliondolewa? Hapa inarudi kwa heshima. Mama aliyekuwa anapewa magnesiamu kwa sababu ya kifafa cha mimba, moyo ukisimama tunafunga magnesiamu na kumpa kalsiamu, kwa sababu magnesiamu ikizidi mwilini inaweza kuwa ndiyo iliyousimamisha moyo.

Yule kijana sasa yuko kidato cha nne. Mwezi uliopita nilimwomba mama yake ruhusa, nikaenda kwao Jumapili baada ya misa. Nikamwambia mbele ya mama yake kwamba usiku ule nilimjibu vibaya. Sikumwambia baba yake angepona, maana sijui, na wengi hawaponi hata wakikandamizwa vizuri. Nilimwambia tu kwamba kilikuwepo cha kufanya, na kwamba hakuna aliyekuwa amemfundisha. Mama alikuwa anaangalia nje, uwanjani. Kijana alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Nguvu kiasi gani?"

Tukachukua mto mgumu wa kochi tukauweka kwenye saruji ya baraza. Akapiga magoti. Mara ya kwanza alikandamiza kama anayekanda chapati, nikamwambia, hapana, mwili wote. Mdogo wake wa miaka tisa akasogea, akaanza kumhesabia kwa sauti. Walipofika thelathini mama yao naye akaja, akavua kanga ya begani, akasema, "Hebu nipishe na mimi."